Mlezi wa vijana naye anahitaji kutegemezwa

Koperative ikitaka kuanzisha kikundi cha vijana, tunaanza kwa kutafuta shamba, majembe na mbegu. Mtu wa kuwaongoza vijana tunamtafuta mwisho, mara nyingi kwa dakika tano tu: “Mama fulani anapenda watoto, yeye atawaangalia.” Basi. Mama anapewa vijana 30, kaye moja na maneno ya kumtia moyo.

Miezi ya kwanza anafika kila juma. Kisha mvua inaanza, shamba lake mwenyewe linamngoja, mtoto wake anagonjwa, na hakuna mtu wa komite aliyekuja hata siku moja kuuliza habari. Anaacha. Hamupiti muda, kikundi nacho kimekufa, na sisi tunasema: “Vijana wa leo hawapendi udongo.”

Mara nyingi hiyo si kweli. Kikundi kimekufa sababu mlezi aliachwa peke yake. Na hapa Luberizi, kama vile Sange ao Luvungi, kijana akitoka shambani hakosi mtu mwingine wa kumwita: kuna machimbo, kuna barabara ya kwenda mjini, kuna pia wenye silaha. Ndiyo maana somo hili halihusu vijana. Linahusu mtu mzima anayejitolea kwa ajili yao.

Wengine wamefanya nini?

Majirani zetu wa Kenya walianzisha vikundi vya 4-K mwaka 1962. Jina linatokana na maneno Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Watoto wa shule walilima na kufuga wakiongozwa na walimu wao. Baadaye vikundi vingi vilidhoofika, na serikali ilivifufua tena mwezi wa 6 mwaka 2021.

Mfano wa 4-K ulitoka Marekani, kwenye vikundi vya 4-H vilivyoanza mwaka 1902. Vile vimepita miaka 100 na bado vinaendelea. Wanaoviongoza kijijini ni wazazi na wakulima wa kawaida wasiolipwa, lakini nyuma yao kuna mabwana shamba wa vyuo vikuu, waliowekwa kwa sheria ya mwaka 1914, ambao wanawafundisha na kuwafuatilia. Sisi hatuna vyuo hivyo karibu, lakini komite ya koperative tunayo. Mlezi akigeuka nyuma, lazima aone mtu.

1. Kuchagua vizuri

Tuchague watu wawili, mwanamume na mwanamke. Mmoja akigonjwa, mwingine anaendelea, na wasichana nao wanapata mtu wa kuzungumza naye. Tusitafute yule mwenye mavuno makubwa kuliko wote. Tutafute mwenye subira, anayesikiliza, na ambaye wazazi wanamwamini. Tuulize habari zake kwa majirani mbele ya kumpa watoto wetu.

Kisha tupatane kwa maandishi: siku gani, saa ngapi, kwa muda gani. Tumwombe msimu mmoja, kwa mfano msimu A unaoanza mwezi wa 9. Msimu ukiisha, yeye mwenyewe aseme kama anaendelea. Kazi isiyo na mwisho inaogopesha watu wazuri.

2. Kufundishia shambani

Mtu anaweza kujua kulima bila kujua kufundisha. Njia nzuri ni ile ya shamba darasa, iliyoanzia kwenye mpunga huko Indonesia mwaka 1989. Walezi wajifunze nayo kwanza, wao wenyewe, mbele ya kuitumia kwa vijana.

Watengeneze matuta mawili ya lengalenga, ya kipimo kimoja. Moja lipate samadi iliyooza vizuri, lingine lisipate. Maji na palizi viwe sawa. Kila juma, watu watano watano waangalie: majani ni mangapi, rangi yake ni gani, wadudu wapo, udongo una unyevu? Wachore walichoona, wajadiliane, waamue la kufanya. Baada ya wiki nne hivi watakuwa na jibu ambalo wameliona kwa macho yao. Tulipendelea lengalenga kuliko muhogo sababu haikawii: mlezi mpya na vijana wake wanahitaji kuona mavuno haraka.

Jambo gumu zaidi kwa mlezi ni kunyamaza. Kijana akiuliza, “Hii doa ni nini?”, asikimbilie kujibu. Amuulize naye: “Umeiona kwenye majani ya chini ao ya juu? Jana ilikuwepo?” Kijana aliyetafuta jibu mwenyewe hasahau.

3. Kumtegemeza

- Mtu mmoja wa komite amtembelee mara moja kwa mwezi. Aje kuuliza, “Unahitaji nini?”, asije kama mpelelezi.
- Franka alizotoa mfukoni kwa safari ao kwa simu arudishiwe. Kujitolea si kupata hasara.
- Wakati wa kupanda na kupalia, wanachama wamfanyie salongo ya siku moja kwenye shamba lake. Huo ni msaada ambao kila koperative inaweza kutoa.
- Walezi wa vijiji vya karibu wakutane na kuelezana magumu yao.
- Katika mkutano mkuu, asemwe kwa jina na ashukuriwe mbele ya watu.

4. Mipaka inayolinda wote

Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inasema kwamba aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kwa hiyo tuandike haya kwenye kaye, na wazazi wasikie yakisomwa:

- Saa za masomo haziguswi.
- Watoto hawashiki dawa za kuua wadudu.
- Hakuna kupiga, wala kutukana.
- Mlezi hakai na mtoto peke yao mahali pa siri.
- Vijana hawalimi mashamba ya walezi wala ya komite. Mavuno yao ni yao, na hesabu inafanywa mbele yao.
- Mtoto anajua ni nani, mbali na mlezi, anayeweza kumpelekea shida yake.

Mipaka hii inamlinda pia mlezi mwaminifu, sababu hakuna wa kumsingizia kirahisi.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika koperative yetu, ni nani anayefuatana na vijana leo? Mara ya mwisho tulimtembelea lini?
2. Kama ameacha, tulimuuliza sababu?
3. Mavuno ya mwisho ya vijana yalikwenda wapi?
4. Ni siku gani ya msimu huu tutakwenda kupalia shamba la mlezi?

Swali la nne lisiishie kwa maneno. Tarehe iandikwe leo, mbele ya mkutano kufungwa, pamoja na majina ya watakaokuja na majembe yao.