Tununue Sasa au Tungoje?

Mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha Kiswahili, na mambo ninayoyaeleza hapa nilihusika nayo mwenyewe. Wapo watakaosema najitetea. Someni kwanza.

Muhula wa kwanza wa mwaka 2025 chama kilikuwa na shilingi 26,000, fedha tulizozipata kwa kuuza maandazi siku za michezo na nakala za jarida la mwaka uliotangulia. Nia yetu ilikuwa kununua tarakilishi ya kupakata (mnaosema kompyuta nawaelewa, lakini hapa tuko chamani) ili tuache kulipia kupigiwa chapa kwenye saiba mjini. Mkutanoni kukawa moto! Katibu akashikilia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, tununue wiki ile ile. Mimi nikajibu kuwa haraka haraka haina baraka, tungoje hadi mwisho wa mwaka. Tulipigana kwa methali mpaka kengele ya chakula ikalia. Kura zilipohesabiwa, upande wangu ulishinda kwa kura mbili.

Nilikuwa na hoja mbili. Kwanza, nilisema vifaa hivi huwa bora kila kukicha. Mwaka 1965 Gordon Moore, ambaye baadaye alishiriki kuanzisha kampuni ya Intel, aliona kwamba idadi ya transista, yaani vile viswichi vidogo mno vilivyo ndani ya chipu, ilikuwa ikiongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 alirekebisha, akasema itakuwa kila miaka miwili. Basi nikawaambia wenzangu kwamba tukivuta subira, fedha zile zile zitatupa mashine nzuri zaidi.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini pia ina mtego. Ikiwa kesho kuna bora, hata hiyo kesho hutanunua, kwa sababu mtondo kutakuwa na bora zaidi. Hebu tutazame yaliyomkuta Adam Osborne. Mwaka 1981 kampuni yake huko Marekani ilitoa tarakilishi ya kubebeka, Osborne 1, yenye uzito wa kilo 11 hivi na bei ya dola 1,795. Ilinunuliwa kwa wingi. Mwaka 1983 habari za mashine mpya zaidi za kampuni hiyo zilienea kabla hazijafika madukani. Wanunuzi wakasema, ala, basi tungoje! Mashine zilizokuwapo zikakosa wateja, na Septemba mwaka huo huo kampuni ikafilisika. Washindani wake nao walichangia anguko hilo, lakini hadi leo wafanyabiashara humtaja Osborne wakionyana wasitangaze mapema.

Tena si kweli kwamba bei hushuka tu. Mwaka 2011 mafuriko nchini Thailand yalifunika viwanda vya diski, bei ya diski ikapanda dunia nzima. Na mwishoni mwa 2025, wakati ule ule niliosema tungoje, bei ya kumbukumbu za tarakilishi ilipanda vibaya, kwa kuwa watengenezaji waligeukia kuhudumia vituo vikubwa vya data vinavyoendesha akili bandia. Hilo sikulitabiri, jameni.

Hoja ya pili ndiyo iliyokuwa na uzito. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetangaza kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 ingeacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, ingawa watumiaji wa nyumbani waliojiandikisha waliongezewa mwaka mmoja wa marekebisho ya usalama. Windows 11, iliyotoka 2021, haikubali kila mashine. Inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa mashine za Intel, kwa jumla, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Kizazi hicho hakijifichi. Ukiona kibandiko au maelezo ya mashine yameandikwa i5-7200U, ile 7 baada ya kistari ni kizazi cha saba. i5-8250U ni cha nane. Mashine aliyoichagua katibu ilikuwa ya mtumba, kizazi cha saba, kwa shilingi 24,500. Kwa hiyo nilikuwa na haki ya kuikataa.

Lakini sikuwa na haki ya kukomea hapo. Machi hiyo hiyo, duka lilo hilo lilikuwa na mashine ya kizazi cha nane kwa 25,500. Hatukuuliza. Katibu alikuwa ameipenda moja, mimi nilikuwa nimeipenda methali yangu, na hakuna aliyerudi dukani.

Sasa sikieni hesabu, maana hii ndiyo kazi yangu. Tangu Machi hadi Novemba tulilipa saiba shilingi 4,200, kurasa 140 kwa shilingi 30 kila ukurasa. Januari 2026 tuliinunua mashine ya kizazi cha nane kwa 23,500. Tuliokoa shilingi 2,000 kwenye bei na kupoteza 4,200 kwa kungoja. Tena fedha zilizobaki hazikutosha, ikabidi tuchangishane 1,700.

Hasara nyingine haikuandikwa kwenye daftari langu. Mwanachama mmoja wa kidato cha pili alikuwa amekusanya hadithi 14 kutoka kwa nyanya yake wakati wa likizo, zote kwa mkono, nakala moja tu. Tulizipeleka saiba mwezi wa saba zipigwe chapa. Ijumaa tulipozifuata, bahasha haikuonekana. Mwenye saiba aliomba radhi na kuturudishia fedha zetu. Yule msichana hakulia mbele yetu, lakini hakuja chamani majuma matatu, na sikujua nimwambie nini.

Kwa hiyo mwenzangu akiniuliza leo, humuuliza kwanza: kuna kazi gani inayolala kwa kukosa mashine, na kila mwezi inakugharimu nini? Na unangoja kitu gani hasa, chenye tarehe? Tarehe ya Oktoba ilikuwa sababu. "Labda itashuka" haikuwa sababu.

Kisha tazama kama mashine inafunguka. Nyingine nyembamba kumbukumbu zake zimegandishwa kwenye bodi, hazibadilishwi kamwe. Yetu ina gigabaiti 8 na nafasi moja tupu. Nilitaka kuijaza siku ile ile, lakini bei ya kijiti cha kumbukumbu ilikuwa karibu maradufu ya niliyotajiwa Machi, nikaiacha nafasi ilivyo. Diski yake ya kuzunguka tutaitoa muhula ujao, tuweke ile isiyozunguka. Hiyo huifanya mashine kuukuu iamke upesi kuliko badiliko lingine lolote la bei ya kadiri.

Makala haya nimeyapiga chapa mwenyewe kwa mashine hiyo. Likizo ya Aprili yule mwanachama alirudi kwa nyanya yake na daftari jipya. Bibi amezikumbuka hadithi tisa. Ziko katika kurasa zinazofuata, na nakala zake tumezihifadhi mahali pawili.