Hali Ikibadilika, Makusudio Yapangwe Upya



Somo letu la zamu hii ni katika jambo linalotupata sote, wakulima wa Kitale na wafanya kazi na wafanya biashara wa Bungoma. Mtu akisha kujiwekea makusudio katika maisha yake, kisha hali yake ikageuka, afanyeje? Ayashikilie yale yale ya zamani mpaka yamvunje mgongo? Ayatupe yote akae na mikono kifuani? Au iko njia ya tatu? Sisi twasema iko, na dini yetu imekwisha kutuonyesha zamani.

Tuanze na yaliyo karibu nasi. Mji wa Webuye, katika Bungoma, ulikua kwa kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills, kilichoanza kutoa karatasi katika mwaka 1974. Kwa zaidi ya miaka 30 mshahara wa kiwanda kile ulikuwa ndio kipimo cha mipango ya nyumba nyingi: huyu ataka kumaliza nyumba ya matofali, yule ataka kumpeleka mwanawe shule ya bweni, na mwengine aweka akiba apate kuhiji. Katika mwaka 2009 kiwanda, hali kimelemewa na madeni, kikafungwa. Matumaini ya kufunguliwa yakaja na kuondoka. Katika mwaka 2016 kikauzwa kwa mwenyewe mpya na kazi ikaanza tena, walakini haikuwa kwa ukubwa ule wa zamani.

Kazi kubwa ya mji ikifa, watu hugawanyika. Wako waendeleao kuishi kwa kipimo cha mshahara ambao haupo tena. Hukopa kwa riba, kisha huuza kipande cha shamba, kisha cha pili, ili jirani asijue kwamba mambo yamepungua. Wako wakatao tamaa, wakaacha hata yale wawezayo. Na wako wakaao na wake zao mwezi ule ule wa kwanza, wakahesabu kilichobaki, wakapanga upya. Hatumtaji mtu, kwani watu wa namna hizi tatu hawakosekani mji wowote. Twataka kujua tu ni kwa nini wa tatu ndiye aliyeshika njia iliyo sawa, wala hakushindwa, kama wadhanivyo wengine.

Sababu yake ni hii: kusudio ni kitu kimoja, na chombo cha kulifikia ni kitu cha pili. Kumsomesha mtoto ni kusudio. Shule fulani ya bweni ni chombo. Kuwa na makazi ya heshima ni kusudio. Nyumba ya vyumba sita ni chombo. Mwenye kuvichanganya viwili hivi, chombo kikivunjika hudhani kuwa na safari imekwisha.

Tazameni wakulima wa Kitale. Mji huu ni mji wa mahindi. Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilianzishwa hapa katika mwaka 1956, na mahindi ya mbegu chotara yakaanza kuenea kwa wakulima tangu mwaka 1964. Mkulima wetu hupanda mwezi wa Machi au Aprili, na mbegu ya nyanda za juu humchukua miezi sita hivi, au zaidi, kukomaa. Lau mvua zikichelewa sana, mwenye akili hashikilii mbegu ile ndefu kwa kuwa ndiyo aliyoiazimia. Hutafuta mbegu ya muda mfupi, au hutia maharagwe. Na viwavijeshi vamizi vilipoingia katika mashamba yetu katika mwaka 2017, walikuwako waliolazimika kupanga msimu wao upya. Hakuna asemaye kuwa mkulima huyo amevunja azimio lake. Azimio lilikuwa ni chakula ghalani, si jina la mbegu. Basi ajabu ni kuwa mtu yule yule, mwenye hekima hii shambani, huiacha mlangoni aingiapo nyumbani kwake.

Ama katika sheria yetu, jambo hili liko wazi. Asiyeweza kusali kwa kusimama husali kwa kukaa. Asiyeweza kukaa husali kwa kulala ubavu. Msafiri hupunguza Sala. Mgonjwa hufungua katika Ramadhani akalipa siku nyingine, na mzee asiyeweza tena kufunga hutoa fidia ya chakula. Katika yote haya faradhi haikutupwa, wala mja hakukalifishwa asiloliweza. Iligeuka sura yake kwa kadiri ya hali. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mja akiugua au akisafiri, huandikiwa mfano wa amali alizokuwa akizitenda alipokuwa mzima na yuko kwao. Hii ni bishara kubwa kwa mwenye nia njema aliyezuiliwa na hali.

Tukumbuke pia mambo ya Hudaybiyya. Katika mwaka wa 6 wa Hijra, sawa na mwaka 628, Mtume (s.a.w.) alitoka Madina na Masahaba kiasi cha 1,400 kwenda Umra. Walikuwa katika ihramu, na wanyama wa kuchinja wanao. Makureshi wakawazuia. Ukafanywa mkataba kwamba warejee mwaka ule na waje mwaka wa pili. Masahaba wakaona uzito mkubwa, hata walipoamrishwa kuchinja na kunyoa pale pale walipo, hawakuinuka. Mama wa Waumini Ummu Salama (r.a.) akamshauri Mtume atoke, asiseme na mtu, achinje mnyama wake na anyolewe. Akafanya hivyo, nao walipomwona wakainuka wakafuata. Mwaka uliofuata wakaingia Makka kwa Umra, na katika mwaka wa 8 wa Hijra Makka ikafunguliwa.

Katika kisa hiki mna mafunzo mawili. La kwanza, kurejea nyuma kwa mpango si kushindwa, maadamu kusudio liko palepale. La pili, wakati nyoyo zimeingia simanzi, neno la busara laweza kutoka kwa mke, na mkubwa wa nyumba hapungukiwi na kitu akilisikiliza.

Baada ya hayo, yatupasa mambo manne hali inapobadilika.

Kwanza, kusema kweli nyumbani. Baba amfichaye mkewe kwamba mshahara umekatika humnyima msaidizi wake wa kwanza.

Pili, kupambanua la lazima na la pambo. Madeni na masurufu ya watu wa nyumbani hutangulia. Hija yenyewe, ukubwa wake wote, haikulazimishwa ila kwa mwenye uwezo, na uwezo huhesabiwa baada ya deni na masurufu ya wale anaowalisha. Ikiwa nguzo ya Uislamu yangoja uwezo, vipi harusi ya kuonyeshana isingoje? Vipi mtu aweke shamba la watoto rehani ili karamu ya matanga ivume mpaka kijiji cha pili?

Tatu, kupunguza kabla ya kukata. Aliyekuwa akitoa sadaka shilingi 500 atoe 50. Aliyekuwa akisoma kila usiku asome usiku mmoja katika juma. Mtume (s.a.w.) amebainisha kwamba amali ipendwayo zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa ni chache.

Nne, kuutazama mpango tena kwa wakati maalumu, mathalani kila baada ya mavuno. Katika mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, mahujaji kutoka nje ya Saudia hawakupokewa. Aliyekuwa tayari kwa safari alilazimika kungoja. Nia yake haikuharibika kwa kungoja. Lakini afungaye mpango asiutazame tena huja akasahau kuwa aliwahi kuunuia.

Yuko atakayetujibu kwa methali: maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Ni kweli, walakini mto ukifurika, mwenye kuvua nguo huzivaa tena akatafuta kivuko. Na wala tusidhani kuwa mabadiliko ni ya dhiki peke yake. Wangapi walisema, "Nikipata, nitasaidia jamaa, nitajenga madrasa," kisha wakapata, wakapandisha matumizi na kuisahau ahadi? Hali ikizidi, na wajibu nao huzidi. Mwenye kupanga upya wakati wa shida tu, amejifunza nusu ya somo.

Ndugu zetu, fedheha si kupungukiwa. Fedheha ni kuwala watoto urithi wao ili tuonekane hatukupungukiwa. Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe moyo wa kukubali tusiloliweza, na bidii katika tunaloliweza.

Maswali ya kujadiliwa darasani:

1. Taja kusudio lako moja, kisha utaje chombo chake. Je, chombo hicho chaweza kubadilishwa?

2. Kwa nini Hija hutanguliwa na deni na masurufu?

3. Ni gharama gani katika harusi na matanga yetu twaweza kuipunguza mwaka huu?

Wabillahi taufiki.