Mkimbizi na Moyo Uliobaki Nyuma



Tusomapo habari ya Yusufu na Mariamu kumkimbiza Mtoto Misri, hatuambiwi walivyoishi huko. Waliwaamkia jirani kwa lugha gani, wala Yusufu alipata kazi kwa nani. Labda ndiyo sababu twadhani ya kuwa mkimbizi akiisha kupewa chakula, jembe na mahali pa kujenga, shida yake imekwisha. Sivyo. Mwili umevuka mpaka, lakini moyo ungali nyuma, nao huchelewa sana kufika. Na tulitazame jambo hili katika habari ya Warundi walioingia Tanzania mwaka 1972.

Mwaka ule yalitokea mauaji makubwa Burundi, na watu kwa maelfu mengi wakakimbia. Serikali ya Tanzania ikawapa nchi ya misitu: Ulyankulu upande wa Tabora, Katumba karibu na Mpanda, na baadaye Mishamo. Shirika la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 kwa mkono wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, lilisaidia katika kuyajenga makazi hayo. Wakimbizi wakalima kwa bidii, hata wakajilisha wenyewe. Mtu akihesabu magunia, atasema mambo yalikuwa mema.

Lakini yako yasiyohesabika kwa magunia. Kwao Burundi kila mji ulikaa peke yake kilimani, umezungukwa na migomba yake. Makazini nyumba zilipangwa kando ya barabara zilizonyoka, katikati ya miombo. Kwao mzee aliyeitwa mushingantahe aliheshimiwa kwa kuamua magomvi ya jirani. Hapa alikuwa jina katika orodha, na akitaka kutoka makazini hakuwa na budi kuomba kibali. Aliyezoea kutoa shauri sasa aliomba ruhusa. Mimi naona jeraha hili huuma kuliko njaa, maana njaa huonekana na watu huleta chakula, bali aliyenyang'anywa heshima hunyamaza, nasi twasema, "Huyu ana kiburi," au, "Huyu ni mvivu."

Tena tazameni nyumbani. Mtoto aenda shule, ajifunza Kiswahili upesi. Baba ajua Kirundi tu. Siku ya kwenda ofisini au hospitalini mtoto ndiye anenaye, na baba angoja kufasiriwa maneno yake mwenyewe. Je, wakirudi nyumbani mwana atamtii kama zamani? Hapo wazazi wengi huwa wakali kupita kiasi, si kwa chuki, ila kwa hofu. Mwalimu aonaye ugomvi wa namna hii asifanye haraka kumhukumu baba.

Wako wengine ambao hawakukaa makazini, bali mjini Kigoma. Kirundi na Kiha zakaribia kuwa lugha moja, basi waliweza kujichanganya na wenyeji; walakini wako walioficha asili yao miaka mingi. Amani yao ilikuwa ya mtu apimaye kila neno kabla ya kulitamka.

Mwaka 2007 watu wa makazi yale waliulizwa kama wataka kurudi Burundi au kuomba uraia. Walio wengi wakachagua uraia, na watu wapata 162,000 wakakubaliwa. Kisha wakaambiwa ya kuwa watahamishwa na kutawanywa katika mikoa mingine. Waliwazika wazazi wao pale! Shauri lile likaachwa, na hati zikaanza kutolewa mwaka 2014. Lakini katika miaka hiyo ya kungoja, nani angekuwa na moyo wa kupanda mwembe?

Basi, mkimbizi akifika usharikani, msiishie kumwuliza amepungukiwa na nini. Mwulizeni alikuwa nani kwao. Aliyekuwa mwimbishaji na aimbishe. Aliye seremala na aombwe kutengeneza mabenchi ya kanisa, naye alipwe kama fundi mwingine. Na mzee aachwe aombe kwa lugha yake mbele ya watu wote, hata kama sisi hatufahamu ila Amina.