Taa Nyekundu ya Pampu Inasema Nini?

Huku Spring Valley ziko nyumba za ghorofa zinazotegemea maji ya kisima kirefu. Pampu imo chini kabisa, na mota yake huongozwa na draiva iliyo katika sanduku la chuma ukutani. Taa nyekundu ikiwaka pampu husimama, na ghorofa za juu ndizo hukauka kwanza. Basi watu hukimbilia kitufe cha kuanzisha upya, wanabonyeza na kubonyeza. Ni kama kumziba mtoto mdomo kabla ya kuuliza analilia nini!

Chukua mota ya fezi tatu, zile volti 415. Fezi moja ikikatika na mota bado inasukuma maji yale yale, mkondo katika nyaya mbili zilizobaki hupanda hadi karibu mara 1.73. Sisi wa kidato cha tatu tunajua kwamba joto hufuata mraba wa mkondo, kwa hivyo joto huwa karibu mara 3. Mota itaungua, na kuitoa kisimani ni kung'oa mabomba yote.

Fundi mzuri huuliza kwanza: ishara ilitokea lini? Ikitokea papo hapo pampu inapoanza, hushuku waya uliopoteza kinga, hasa pale kebo ilipoungwa ndani ya maji. Ikichelewa, huenda mchanga umeilemea pampu, au feni ya draiva imejaa vumbi. Na mkondo ukishuka kuliko kawaida? Kumbe maji yameisha, pampu inazunguka bure.

Kisha huzima stima na kungoja. Si uvivu, kwani kapasita za ndani hubaki na karibu volti 587, yaani 415 mara 1.414, kwa dakika kadhaa. Halafu hufungua nyaya za mota na kupima kinga kwa mega. Akizisahau, volti 500 za mega zaweza kuua draiva.

Ishara nayo hudanganya. Mara nyingi waya wake hupitisha umeme wakati mambo ni salama, na hukatika kukiwa na hitilafu. Hivyo panya akiutafuna, taa itawaka bure. Nyaya za mota zikiwa bado zimefunguliwa, fundi huunganisha ncha za waya huo kwa muda mfupi. Taa ikizimika, draiva haina kosa; shida iko kwenye waya huo au kwenye kihisi chake, na mota bado haijathibitishwa kuwa salama. Huenda ni panya.