Dondoo muhimu: Kabla ya kulipia diploma ya usanifu na midia za kidijitali

Anza na usajili. Tanzania, hakikisha NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, inakitambua chuo na pia kozi yenyewe, kwani chuo kinaweza kuwa na usajili huku kozi unayoitaka haimo. Diploma ni ngazi ya 6 ya NTA, yaani mfumo wa tuzo za ufundi za taifa, ikitanguliwa na ya 4 na ya 5. Kenya, ulizia ithibati ya TVETA, mamlaka ya elimu ya ufundi.

Usiridhike na jina la kozi, omba mtaala. Kozi mbili zenye jina moja hutofautiana sana: moja hukaa kwenye uchapaji, nembo na mpangilio wa kurasa, nyingine kwenye video, sauti na uhuishaji. Kisha omba kuona kazi za wahitimu wa karibuni, si zile chache zilizobandikwa mapokezi, na uulize kila mmoja alifanya sehemu gani. Mimi jambo hili nalipa uzito zaidi kuliko majengo, maana mwajiri naye ataomba kuona kazi zako.

Tembelea maabara siku ya masomo. Wanafunzi wangapi wanagawana kompyuta moja? Kamera huazimwa kwa utaratibu gani?

Ada si gharama yote. Kuna kompyuta mpakato, bando la intaneti, na programu za Adobe zinazolipiwa kwa mwezi au mwaka. Chuo kinachofundisha pia Blender, Inkscape na GIMP, ambazo ni za bure, kinamjali mwanafunzi asiye na fedha.

Uliza pia nani humtafutia mwanafunzi nafasi ya mafunzo kazini.