Miti ya Kila Rika: Somo la Matembezi katika Msitu wa Kakamega

Mkulima mmoja karibu na Malaba alikuwa na ekari moja ya mikaratusi. Aliipanda yote katika mvua za mwaka mmoja, nayo ikakomaa yote pamoja. Akaja mnunuzi wa nguzo, akaichukua yote kwa siku moja, na bei ilikuwa ndogo kwa kuwa mwenye shamba alihitaji fedha upesi. Mwaka uliofuata mtoto wake akapata nafasi katika shule ya sekondari. Mzee alipotazama shamba lake aliona visiki tu, na machipukizi yasiyotosha hata mpini wa jembe. Mama wa nyumba naye alikuwa akinunua kuni sokoni.

Mzee huyu hakukosea kupanda miti. Alikosea kupanda miti ya rika moja tu. Hakuna mfugaji mwenye akili anayefuga ng'ombe wazee watupu, bila mitamba wala ndama. Basi yafaa tujiulize kwa nini twafanya hivyo kwa miti.

Mwalimu wa jambo hili hayuko mbali nasi. Ni Msitu wa Kakamega. Kikundi cha wakulima chaweza kwenda huko kwa siku moja, kikatembea polepole kwa saa mbili au tatu, na kurudi pale pale kilipoanzia. Njia za Isecheno si ngumu. Hata wazee waweza kuzipita.

NJIA YA KWENDA

Ukitoka Busia, pitia Mumias hadi mji wa Kakamega. Ukitoka Malaba, pitia Bungoma. Kutoka Kakamega shika barabara ya Kisumu hadi Khayega, kisha geuka kwenda Shinyalu, na mbele yake utafika kituo cha misitu cha Isecheno. Lipa ada inayotakiwa, na umchukue mwongozaji wa hapo. Yeye anazijua njia na majina ya miti.

Nenda asubuhi, maana mvua ya huko hupenda kunyesha alasiri. Vaa viatu vilivyofunika mguu, kwa sababu ya siafu na nyoka. Usikate wala usichune kitu chochote.

HISTORIA KIDOGO

Zamani misitu mikubwa ya mvua ilienea kutoka Kongo kuja huku kwetu. Msitu wa Kakamega ni kipande chake cha mwisho upande wa mashariki. Mwaka 1931 dhahabu iligunduliwa Kakamega, na watu wengi wakaja kuchimba. Mwaka 1933 serikali iliutangaza rasmi kuwa msitu unaolindwa. Hata hivyo mbao ziliendelea kukatwa kwa miaka mingi, mpaka ukataji wa miti ya asili ulipopigwa marufuku katika miaka ya 1980. Mwaka 1985 sehemu ya kaskazini, upande wa Buyangu, ilifanywa hifadhi ya taifa.

Kwa sababu ya mambo hayo msitu huu una miti ya kila umri. Palipokatwa zamani pana miti mizee kidogo, palipokatwa baadaye pana vijana, na pasipoguswa sana pana mababu. Atembeaye aweza kuona umri wa miti kama aonavyo watu wa boma moja.

MAMBO YA KUTAZAMA NJIANI

Kwanza, tazama watoto. Mahali palipo wazi, penye jua, utaona vichaka na miti myepesi inayokua haraka. Utaona pia mipera. Mpera si mti wa asili yetu, lakini ndege na kima hula mapera na kutawanya mbegu zake. Tena ndege wakitua juu ya mpera huangusha mbegu walizokula msituni. Kwa hiyo chini ya mpera huota miche ya miti ya msitu ambayo hakuna mtu aliyeipanda.

Pili, tazama vijana. Hapa miti imesongamana, ni myembamba na mirefu, kila mmoja ukishindana na mwenziwe kutafuta jua. Mingi itakufa njiani, na michache itashinda. Katika shamba lako kazi hiyo ya kupunguza sharti uifanye wewe kwa panga, ukianza na miti iliyopinda na iliyo dhaifu.

Tatu, tazama wazee. Hapa utaona mutere, mutondo, mwiritsa, na tiki ya Elgon ambayo mbao yake ni ngumu sana. Gome la mwiritsa hutumiwa kutengeneza dawa ya tezi dume, na tangu mwaka 1995 biashara yake kati ya nchi na nchi iko chini ya mkataba wa kimataifa. Mti huu ukichunwa gome pande zote hufa. Tazama pia mikuyu iliyoanzia maisha yake juu ya mti mwingine: ndege aliacha mbegu tawini, mizizi ikashuka hadi chini, ikamzunguka mwenye nyumba.

Nne, tazama pengo. Mahali mti mkubwa ulipoanguka, jua huingia hadi chini. Miche iliyokuwa kivulini miaka mingi, bila kukua sana, sasa huinuka kwa nguvu. Msitu haukungoja mzee aanguke ndipo utafute mrithi. Mrithi alikuwa tayari.

Tano, tazama juu. Mbega weusi na weupe hula majani. Hondohondo hula matunda na kupeleka mbegu mbali. Wao pia ni wapandaji wa miti.

Mwisho, mwombe mwongozaji akuonyeshe miti iliyopandwa na watu, kama vile saipresi. Miti hii imesimama kwa mistari, yote ya umri mmoja. Ilinganishe na msitu wa asili, kisha umkumbuke yule mzee wa Malaba.

KAZI YA KUFANYA NYUMBANI

1. Gawanya shamba lako la miti katika sehemu sita. Ukipanda mikaratusi futi 8 kwa futi 8, ekari moja huchukua miti 680, yaani miti 113 hivi kwa kila sehemu. Panda sehemu moja kila mwaka. Mwaka wa saba utavuna sehemu ya kwanza, mwaka wa nane sehemu ya pili, na kila mwaka utakuwa na kitu cha kuuza.

2. Visiki vikichipua, acha machipukizi mawili yenye nguvu na ukate mengine. Hayo yaliyokatwa ni kuni za mama.

3. Usipande mikaratusi kando ya mto wala chemchemi, maana hunywa maji mengi. Kando ya Mto Sio, Mto Malaba na vijito vyake acha miti ya asili ishike udongo.

4. Mipakani panda siala au grevilea. Ukitaka kuwaachia wajukuu urithi, panda mvule. Lakini usiupande kwa wingi mahali pamoja, kwa sababu kidudu huvimbisha majani yake na kuudumaza. Panda mmoja mmoja kati ya miti mingine.

5. Mche mzuri ukiota wenyewe, uzungushie miiba ili mbuzi wasiule. Hukuununua wala hukuumwagilia maji, na tayari umeipenda ardhi yako.

Mkisharudi kutoka msituni, kaeni pamoja katika kikundi mjiulize maswali haya. Shambani kwangu, mti mzee kabisa una umri gani, na ule mdogo kabisa? Nikikata miti yote leo, nitangoja miaka mingapi? Mtoto wangu akipata nafasi ya shule mwakani, ni miti gani itakayokuwa tayari?

Asiyeweza kujibu swali la mwisho aanze kuchimba mashimo kabla ya mvua zijazo.