Plagi Nyeusi Isitupwe Kabla ya Kusomwa: Somo kwa Wenye Pikapu za Marikiti

Pikapu zinazoleta nyanya, vitunguu na ndizi Marikiti hutoka Kongowea, huvuka Daraja la Nyali na kuingia Digo Road. Ni mwendo wa kilomita chache, lakini nusu ya muda huo gari limesimama kwenye msongamano huku injini ikinguruma bure. Baadhi ya pikapu hizi ni za zamani, na injini iliyomo siyo ile iliyotoka nayo kiwandani. Nyingine imefungwa injini ya mtumba ya gari dogo la abiria. Nyingine silinda zake zimechongwa upya na kuwekwa pistoni kubwa, juu yake kabureta iliyoazimwa kwa injini nyingine kabisa.

Gari la namna hii likianza kukatakata darajani, fundi hufungua plagi, huzikuta nyeusi, huziweka mpya, na gari huondoka vizuri. Baada ya wiki tatu hali ni ile ile. Mwenye gari ananunua plagi tena, na siku gari linapolala njiani nyanya zinabaki juani hadi saa sita. Plagi ilikuwa ikimweleza kilichoharibika, lakini ilitupwa bila kusomwa.

Kwa nini plagi huchafuka

Plagi hutoa cheche kati ya chuma cha katikati na kile kidole kilichopinda juu yake. Chuma cha katikati kimezungukwa na pua ya kauri nyeupe. Pua hiyo ikifika joto la nyuzi 450 hadi 500 za Selsiasi, huunguza masizi yanayoigandia na kujisafisha yenyewe. Ikipita nyuzi 850 hivi, inakuwa kaa la moto: petroli huwaka kabla ya cheche na pistoni huanza kuumia. Kazi ya plagi ni kukaa kati ya viwango hivyo viwili.

Masizi hupitisha umeme. Yakitanda kwenye kauri, umeme hauna haja ya kuruka mwanya. Hupita juu ya masizi na kupotelea kwenye chuma cha injini. Ndipo silinda inaposhindwa kuwasha na gari kuanza kurukaruka. Safari fupi kama ya Kongowea hadi Marikiti huongeza tatizo kwa sababu injini haipati nafasi ya kuchemka sawasawa.

Kuzisoma kwa mpangilio

Injini ipoe kwanza. Mchanga na vumbi vipulizwe kutoka kwenye mashimo kabla plagi haijafunguliwa, visije vikaangukia ndani ya silinda. Kisha plagi zipangwe juu ya kadibodi iliyoandikwa 1, 2, 3, 4, kuanzia silinda iliyo upande wa mkanda wa feni. Fundi anayezitia zote kwenye kopo moja ameshapoteza nusu ya ushahidi.

Usomaji hauwi wa kweli iwapo gari limeachwa likinguruma bila kwenda robo saa nzima, kwa maana hapo kila plagi hupata weusi kidogo. Gari liendeshwe na mzigo kwa mwendo wa sawasawa, lisimame mahali salama kando ya barabara, na lizimwe papo hapo. Wapo wanaozima injini gari likiwa bado mbioni ili wapate rangi halisi. Hilo lisifanywe barabarani: breki huwa nzito na usukani unaweza kujifunga.

Swali la kwanza siyo rangi gani, bali je, zote nne zinafanana? Zikifanana, kosa liko kwenye kitu kinachohudumia silinda zote: kabureta, eya klina, choki, thamostati au petroli yenyewe. Ikiwa moja tu ndiyo tofauti, kosa liko kwenye silinda hiyo au waya wake wa umeme, na kubadilisha kabureta itakuwa kutupa pesa.

Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni ya afya. Masizi makavu, meusi kama ya chungu cha kuni, ni dalili ya petroli nyingi kuliko hewa. Hapa ndipo injini zilizobadilishwa zinapoumbuka. Kabureta ya injini kubwa ikifungwa kwenye injini ndogo, jeti zake humwaga petroli kupita kiasi. Eya klina iliyozibwa na vumbi hufanya vivyo hivyo, na choki isiyofunguka pia.

Kuna jambo jingine ambalo limekuwa mazoea pwani: kung'oa thamostati kwa imani kwamba injini haitachemka. Maji huzunguka bila kizuizi, injini hubaki baridi asubuhi nzima, na plagi hazifiki joto la kujisafisha. Mwenye gari aliyebadilisha kabureta mara mbili bila nafuu aulize kama thamostati ingali mahali pake.

Weusi wenye unyevu ni habari nyingine, tena ya gharama zaidi. Plagi ipakwe kwenye karatasi nyeupe. Masizi makavu huacha unga. Oili huacha doa linalong'aa lenye harufu ya kuungua. Oili ikiwa kwenye plagi, imepita kwenye ringi za pistoni au kwenye sili za valvu. Moshi wa buluu unaotoka mara tu gari linapowashwa asubuhi huelekeza kwenye sili. Ule unaotoka gari likivuta mzigo huelekeza kwenye ringi. Silinda ikichongwa na ringi zikafungwa bila vipimo sahihi, dalili hii hujitokeza mapema hata kama injini "imefanywa mpya".

Geji ya kompresheni humaliza ubishi. Silinda ipimwe, kisha itiwe kijiko kidogo cha oili na kupimwa tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechoka. Kisipopanda, valvu zichunguzwe.

Plagi iliyolowa petroli mbichi na kunuka petroli haikuwaka kabisa. Hewa ya Mombasa ina unyevu na chumvi, nayo hula waya za plagi na kifuniko cha distributa. Gari likikataa asubuhi na kukubali jua likipanda, kifuniko kikaushwe na kukaguliwa nyufa kabla ya kununua chochote. Onyo hapa: usiweke plagi juu ya injini karibu na shimo lililo wazi na kupiga stata ili kuona cheche. Mvuke wa petroli hutoka kwenye shimo hilo, na moto huanza hivyo.

Plagi nyeupe, au yenye vipele vilivyoyeyuka, watu huifurahia kwa usafi wake. Hiyo ndiyo ya kuogopa zaidi. Petroli ni kidogo au joto ni kali mno, na pistoni inaweza kutoboka. Na ikiwa plagi moja imeoshwa safi kuliko wenzake huku maji ya rejeta yakipungua, gasketi ya hedi ishukiwe.

Kabureta ilirekebishwa wapi?

Swali hili huulizwa na wachache. Mombasa iko usawa wa bahari. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu, na hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu asilimia 15. Kabureta iliyowekewa jeti ndogo ili ifae Nairobi, ikiteremshwa pwani, hukuta hewa nzito na petroli haitoshi. Plagi hugeuka nyeupe. Kinyume chake, pikapu iliyorekebishwa Mombasa ikipanda Wundanyi kuchukua kabichi, zaidi ya mita 1,300 juu, itachoma petroli nyingi na kurudi na masizi. Hapo plagi hazina kosa, na fundi wa Marikiti hana kosa. Injini za EFI hujirekebisha zenyewe. Kabureta haijui imefika wapi.

Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa nayo huacha masizi na kufanya injini igonge. Tangu Septemba 2018 mafuta ya taa yanatozwa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili uchanganyaji huo usiwe na faida. Anayeshuku kituo fulani aripoti kwa EPRA. Vitabu vya zamani vya ufundi pia huonyesha plagi zilizoharibiwa na risasi iliyokuwa ndani ya petroli. Kenya haiuzi petroli ya aina hiyo tangu mwanzo wa 2006, kwa hiyo sababu hiyo iachwe.

Kabla ya kununua nyingine

Wapo wanaotibu weusi kwa kufunga plagi ya joto zaidi. Mara chache ni sawa, kama kwa gari la safari fupi tu. Kwa injini inayokunywa oili ni kuficha ugonjwa, na siku gari litakapopakia mzigo kwenda mbali pistoni ndiyo italipa. Nambari pia huchanganya: kwa NGK na Denso nambari kubwa ni plagi baridi zaidi, kwa Bosch nambari kubwa ni ya joto zaidi. Injini ikiwa ya kuhamishwa, plagi ifuate injini iliyomo, siyo jina lililo kwenye boneti.

Masizi mepesi huondoka kwa nusu saa ya mwendo wa sawasawa kwenye barabara ya Nairobi. Brashi ya waya isitumike, kwani huacha chembe za chuma kwenye kauri nazo hupitisha umeme. Plagi mpya yenye gasketi ifungwe kwa mkono hadi ikae, ndipo spana izungushwe nusu duara au zaidi kidogo tu. Hedi ya aluminiamu ikiharibika nyuzi, gharama yake inazidi ya plagi nyingi.

Mwenye pikapu iliyobadilishwa injini anakumbushwa kuijulisha NTSA ili nambari ya injini kwenye logibuku iwe ile iliyo garini. Na oili chafu inayomwagwa wakati wa matengenezo ikusanywe kwenye mtungi na kupelekwa kwa wanaoichukua. Mitaro ya Mji wa Kale inaishia baharini.